Siku moja mlimani nikitafuta moshi wa mbali

Nikisema nafanya kazi Ny-Ålesund, kijiji cha utafiti Svalbard, visiwa vya Norwe karibu na Ncha ya Kaskazini, watu hudhani nahesabu dubu. Nafuatilia moshi: misitu inaungua Siberia, Alaska au Kanada, nasi tunaupima hapa pasipo na mti hata mmoja.

Saa moja asubuhi: chai, utabiri wa hali ya hewa, bunduki ya tahadhari begani.

Saa mbili tuko chini ya mlima. Gari la nyaya linalopanda hadi Zeppelin, kituo chetu cha kupimia hewa, karibu mita 475 juu ya bahari, haliendi upepo ukiwa mkali. Tunasubiri. Upepo unatulia, tunavaa, unarudi, tunavua. Wi-Fi na Bluetooth ni marufuku kijijini, zisivuruge darubini za redio, kwa hiyo hata simu haisaidii kuua muda. Kinachoniuma ni ramani za mikondo ya hewa: hewa inayotufikia leo imepita juu ya moto wa Siberia, na kichujio kipya cha kuinasa bado hakijawekwa.

Saa saba tunapanda. Mikono imekufa ganzi, lakini hapa haraka haifai. Nakitoa kichujio cha zamani kwa kibanio, duara la nyuzi za kwatzi (madini kama kioo) lililoingia kijivu chenye ukahawia kidogo, nakikunja ndani ya foili. Kisha naweka kingine, bila kuwasha pampu, nakitoa vilevile. Hicho kitupu ndicho kitakachoonyesha uchafu tulioleta sisi wenyewe. Mwisho naweka cha leo, nawasha pampu.

Weusi wa kichujio peke yake hautoshi kuthibitisha kuwa ni moshi wa misitu. Meli ya dizeli ikiingia ghubani, kipimo cha masizi hupanda pia. Ndipo maabara hutafuta levoglukosani, kemikali inayotokea selulosi (nyuzi) ya mimea inapoungua, dizeli haina. Mwaka 2006, moto wa mashambani Ulaya Mashariki ulichafua hewa ya hapa kuvunja rekodi. Tena moshi huohuo una kazi mbili: masizi yakitua kwenye theluji mpya, inayorudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga, yanaitia weusi iyeyuke upesi, chembe nyingine hutawanya mwanga na kupoza, hasa juu ya bahari. Asiyejua alichonasa hawezi kusema upande upi umeshinda.

Baadaye ni kubana mirija, kusoma mita, kuandika daftarini, kubana tena. Saa nimeacha kuitazama. Mgongo unauma, jua halizami. Tukishuka, vichujio vyote viwili vinaingia friza pamoja, kwa sababu kilichopimwa kwenye kile kitupu hutolewa kwenye kile chenye moshi. Bila hicho kitupu, nisingethubutu kuituma namba yoyote.