Koili ya Silinda ya Tatu

Mwaka 2017, nilipokuwa likizoni Morogoro, mjomba wangu alirejea kutoka msibani Iringa akilalamikia gari lake, Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE. Wakati wa kwenda, lilipokuwa likipanda mlima Kitonga, lilitetemeka na kukosa nguvu, na taa ya injini ikawa inawaka na kuzima. Kifaa cha kusomea makosa tulichoazima kilionyesha P0303, yaani silinda ya tatu ilikuwa haichomi mafuta ipasavyo. Mjomba, ambaye kabla ya kustaafu alikuwa fundi wa matrekta katika shamba la mkonge, aliamua tuanze na plagi, zile zinazotoa cheche ya kuwasha mafuta, kwa kuwa hakukumbuka zilibadilishwa lini, na kazi akanikabidhi mimi huku yeye akisimamia.

Injini hiyo haina distribyuta, kile kifaa cha kugawia plagi umeme, wala nyaya ndefu za plagi. Kila plagi ina koili yake, yaani kifaa kinachoipa umeme wa cheche, iliyokaa juu yake ndani ya shimo refu, ikishikwa na bolti moja ya spana namba 10, na chini ya koili kuna mpira unaoibana kauri ya plagi ili umeme wa volti 20,000 na zaidi usirukie chuma cha silinda hedi, yaani sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda. Mpira huo ndio chanzo cha taabu yote. Ukipikwa na joto kwa miaka mingi hugandamana na kauri, na mtu akivuta kwa pupa hubaki na nusu ya juu mkononi.

Tuliiacha injini ipoe usiku kucha, maana silinda hedi ni ya aluminiamu na nyuzi zake, yaani mikato ambamo plagi hujisokotea, huharibika upesi plagi ikifunguliwa ikiwa moto. Asubuhi tulitoa waya hasi wa betri, kisha nikaanza kuchomoa vichwa vya waya vya koili, nikibonyeza kila kibanio taratibu kwa kidole gumba, kwa sababu plastiki iliyozeeka hukatika kama kuni kavu. Koili ya kwanza, ya pili na ya nne zilitoka bila shida kubwa. Ya tatu haikutikisika hata kidogo.

Nikaishika kwa mikono miwili. Mjomba akaniwekea kiganja begani. “Usivute, mjomba,” akaniambia. “Zungusha kwanza. Kulia kidogo, kushoto kidogo, mpaka mpira uachie kauri. Ikishaachia, utainua bila nguvu.”

Kijana wa gereji ya jirani, aliyekuwa amekuja kumwamkia, alileta bisibisi ndefu ili tuibinue koili kutoka chini. Mjomba alimshukuru akaikataa, na mpaka leo naona alifanya vyema: sikio la koili ni la plastiki, nalo likivunjika bolti haina tena cha kushika, huku kava ya tapeti, yaani kifuniko cha juu cha injini kilicho chini yake, ikiweza kupasuka. Vilevile hakutaka dizeli wala oili imwagwe shimoni, kwa kuwa mafuta hulainisha mpira na kuuvimbisha. Alipulizia silikoni kidogo pembezoni mwa koili, akaniambia tuiache kwanza.

Tuliporudi niliizungusha tena, safari hii ikazunguka, lakini ilipopanda ilikuja na kipande tu cha mpira. Sehemu iliyobaki ilikuwa bado imeivaa plagi, na tulipomulika kwa tochi tuliona oili ikimetameta ndani ya shimo. Sababu ikawa wazi: sili ya kava ya tapeti, yaani ringi ya mpira ya kuzuia oili inayozunguka shimo hilo, ilikuwa imekauka, oili ikavuja, mpira ukavimba na kuoza, na umeme ukapata njia fupi kuelekea kwenye chuma badala ya kuruka kwenye ncha ya plagi.

Mjomba alisisitiza plagi ibaki mahali pake kwanza, kwani ndiyo iliyoziba njia ya kuingia kwenye silinda. Nilikivuta kipande kile kwa koleo yenye mdomo mrefu, nikanyonya oili kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, kisha fundi pancha wa ng’ambo ya barabara akatuazima mpira wake wa upepo tukapuliza mchanga uliosalia. Ndipo nikaifungua plagi. Chembe moja ya mchanga ikianguka humo yaweza kukwaruza ukuta wa silinda, na sijui fundi makini anayeiruka hatua hiyo.

Plagi mpya nilizianza kwa soketi na ekstensheni tu, bila racheti, ili vidole vihisi nyuzi zinaposhikana; zilipokaa, nikaongeza nusu mzunguko na kidogo zaidi ili kuibana washa, ile ringi ya chuma ya plagi. Koili mpya hatukuifunga siku hiyo hiyo, kwani mjomba alikataa kuuweka mpira mpya ndani ya shimo linalovuja. Tulisubiri sili na gasketi ya kava kutoka Dar es Salaam, tukazibadilisha, tukapaka grisi ya silikoni isiyopitisha umeme ndani ya mipira yote minne, ndipo tukafunga. Injini ilitulia, na kosa lile halikurudi.

Likizo iliyofuata mjomba alinitaka nizifungue tena ili tukague mashimo. Yote manne yalikuwa makavu, na koili ya tatu iliachia mara tu nilipoizungusha.