Nipige, Ila Usiirushe

Jumatatu, Agosti 11, 2025

Sauti imenikauka na miguu haitaki kunibeba, lakini nikiahirisha kuandika nitasahau yale madogo madogo, na ndiyo ninayotaka kuyaweka.

Jana tulikuwa UK Black Pride, katika bustani ya Queen Elizabeth Olympic Park, Stratford, mashariki mwa London. Kwa msomaji asiyelijua, hili ni tamasha la watu wa LGBTQ, yaani wapendao jinsia yao na waliobadili jinsia, wenye asili ya Afrika, Karibiani, Asia, Mashariki ya Kati na Amerika ya Kusini. Mwaka huu limetimiza miaka 20. Lilianza 2005 kwa safari ya basi: kundi la wanawake weusi wapendao wanawake lilitoka London kwenda kupunga upepo ufukweni Southend-on-Sea, na Phyll Opoku-Gyimah alikuwa mmoja wa walioiandaa. Lilipohamia Stratford mwaka 2022, umati ulikadiriwa kuwa watu 25,000. Basi moja limezaa yote hayo!

Kiingilio hakuna, na hilo nalitilia mkazo kwa sababu ya niliyekwenda naye. Ni kijana wa Tanga, mdogo wangu wa hiari, anayesubiri uamuzi wa maombi yake ya ukimbizi. Mwaka huu wa 2025 mwombaji hapa hupewa pauni 49.18 kwa wiki, na akiwekwa kwenye hoteli inayompa chakula, hupata chini ya hapo sana. Kazi haruhusiwi. Tamasha la pauni 20 mlangoni lingekuwa limemfukuza kabla hajafika.

Alinipokea nje ya stesheni, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona umejifunika hivyo na jua lote hili?"

"Simu, dada. Kila mtu ana simu."

Wakili wake amemwambia alete picha. Mwombaji kama yeye anatakiwa amridhishe ofisa kwamba kweli ni shoga, na picha za mahali kama hapa huingia kwenye faili pamoja na barua za marafiki. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba mtu hawezi kurudishwa kwao kwa hoja kuwa akijificha atakuwa salama. Uamuzi mzuri, naushukuru. Lakini picha hiyo hiyo inayomsaidia London ikitua kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kule Tanga, mama yake atakosa pa kuweka uso, na ndugu zake wa kiume wameshasema watakachofanya. Anaihitaji picha na anaiogopa. Tangu asubuhi alikuwa akiniambia, "Nipige, ila usiirushe," kisha nikiinua simu anageuka.

Watu wa nyumbani wakiniambia mambo haya yameletwa na Wazungu, huwa nawauliza kilicholetwa ni kipi. Waingereza waliandika kifungu cha 377, cha kuwafunga wanaolala na wa jinsia yao, kwa ajili ya India mwaka 1860, wakaisambaza sheria ya namna hiyo kwenye makoloni yao, zikiwemo nchi zetu. Kwao walianza kuilegeza 1967. Sisi tumeing'ang'ania: kifungo Kenya ni hadi miaka 14, Tanzania si chini ya 30 na inaweza kufika maisha. Kwa sababu ya sheria hizo Phyll Opoku-Gyimah aliikataa MBE, nishani ya heshima ya ufalme wa Uingereza, mwaka 2016, na mimi nilimpenda tangu siku hiyo. Kijana wangu alikuwa bado shuleni Oktoba 2018, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alipotangaza kikosi cha kuwasaka mashoga na kuwataka raia wawataje. Serikali ilijitenga na kauli ile. Yeye ananiambia alichokumbuka ni jinsi darasa zima lilivyogeuka kumtazama.

Ndiyo maana Kiswahili kinamtisha. Akikisikia ndani ya basi hapa London, anashuka kituo kinachofuata.

Jana tulikuwa kwenye foleni ya kuku wa Kijamaika, moshi unatuwasha macho, tukasikia nyuma yetu mtu akilalamikia bei kwa Kiswahili cha waziwazi. Nilimwona mdogo wangu akikakamaa shingo. Mkono wake ulishika pindo la shati langu kama mtoto sokoni. Yule mama aliyekuwa akilalamika ni wa Goma, mtu mzima, kitenge kiunoni na kibendera cha upinde wa mvua kimechomekwa kwenye kilemba, na pembeni yake mke wake amebeba sahani. Mama huyo alimtazama kijana mara moja tu.

"Uko mutu wa wapi, mwanangu?"

Kijana akanitazama mimi. Nikanyamaza makusudi.

"Tanga," akasema.

"Tanga ni mbali. Umekula?"

Basi. Hakuulizwa ya ukoo, ya dini wala ya makaratasi. Alipewa sahani. Tukakaa kwenye nyasi na kundi lao, Warundi wawili, Mganda mmoja, dada wa Mombasa mwenzangu na watoto watatu wanaogombea soda, na kwa saa nzima kijana alizungumza Kiswahili kwa sauti ya juu, huku akibishana kama pilau ya Tanga inaishinda ya Mombasa. (Haiishindi, na nilimwambia.) Nimekwenda maandamano makubwa ya Pride katikati ya London, nikapigiwa makofi na kurembwa uso, lakini huko hakuna anayejua Tanga iko wapi. Nadhani tunalihitaji tamasha letu wenyewe kwa sababu hiyo hasa: kwa wengi wetu hatari ilitokea kwa watu wa lugha moja nasi, na uponyaji nao sharti utoke kwao.

Jioni alivua kofia, akasema nimpige. Nilipiga picha nyingi. Akachagua moja inayoonyesha uso wake wote, mama wa Goma kamshika bega. Imekwenda kwa wakili peke yake, nami nimeifuta kwenye simu yangu mbele ya macho yake.

Wakili anataka na barua yangu ya ushahidi kabla ya Ijumaa. Nimeandika ukurasa mmoja usiku huu, na ile ya kuku nimeitia, pamoja na jibu lake: "Tanga."