Siku moja maishani mwangu: kompyuta mbili, kebo moja

Saa 1:30 asubuhi. Kabla sijatoka huwa napanga begi upya, hata kama nililipanga usiku. Koleo la kubania vichwa vya RJ45 (vile vya plastiki vya mwisho wa kebo ya mtandao), vichwa vipya kama kumi, kipima kebo, kebo mbili za mtandao ninazoziamini, bisibisi, daftari. Jana jioni mzee mmoja mpiga picha alinipigia simu, na shida yake aliieleza kwa maneno machache: "Kompyuta zangu mbili ziko meza moja, zimeunganishwa kwa waya, lakini hazionani."

Kazi ya namna hii naipenda. Katikati hakuna ruta wala swichi, vile vifaa vya kuunganisha kompyuta nyingi. Ni mashine mbili na kebo, basi. Chochote kilichoharibika kimo humo humo mezani.

Saa 3:00 asubuhi. Nikabisha hodi. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, karibu, pita." Mjukuu wake, kijana wa sekondari, akanisalimia na kunipokea begi. Yeye ndiye aliyeitengeneza ile kebo kwa mkono wake, na alitaka nijue hilo mapema.

Mzee ana picha alizopiga miaka na miaka, za negativu, ambazo amekuwa akiziskani moja moja. Zimefika gigabaiti 400 hivi, zote ziko kwenye kompyuta ya zamani, na diski yake imejaa. Kompyuta mpya ina nafasi tele. Walishajaribu kuzihamisha kwa Wi-Fi, lakini mashine ya zamani inashika mawimbi kwa tabu na kazi ilikatika mara mbili usiku. Ndipo kijana akapata wazo la kuziunganisha moja kwa moja. Wazo zuri kabisa. Mimi mwenyewe ningefanya hivyo.

Kabla sijagusa kibodi, nauliza maswali matatu: mnataka nini hasa, je, iliwahi kufanya kazi, na mmebadilisha nini mpaka sasa? Hilo la tatu ndilo lenye siri. Kijana akafikiri, akaanza kuhesabu: aliandika anwani za IP (namba zinazotambulisha kila kompyuta mtandaoni) kwa mkono, akaweka na anwani ya lango (njia ya kutokea kwenda mitandao mingine), akazima fayawoli (mlinzi anayezuia wageni wa mtandaoni) kwenye kompyuta ya zamani, akaondoa draiva (programu inayoendesha kifaa) ya kadi ya mtandao na kuirudisha, akatengeneza kebo ya krosova (yenye nyaya zilizopishanishwa upande mmoja). Nikayaandika yote daftarini kwa mpangilio aliousema. Mtu akibadilisha mambo matano kwa mpigo, hata akipatia hajui ni lipi lililomsaidia, na akikosea hajui arudi wapi.

Saa 3:30. Nikachungulia nyuma ya mashine. Taa za tundu la mtandao zinawaka pande zote mbili, moja imetulia, nyingine inapepesa. Nikaandika: "kebo, sawa." Kumbukeni hayo maneno mawili, maana yalinigharimu nusu ya siku.

Kijana akaniuliza kama alifanya vizuri kutengeneza krosova. Nikamwambia haidhuru kitu, ila siku hizi si lazima. Zamani, kadi za megabiti 10 na 100 zilituma kwenye jozi moja ya nyaya na kupokea kwenye jozi nyingine, na jozi hizo zilikuwa palepale kwenye kila kompyuta. Ukiunganisha kompyuta kwa kompyuta na kebo ya kawaida, mdomo unakutana na mdomo na sikio linakutana na sikio. Ndiyo maana upande mmoja ulifuata mpangilio wa rangi wa T568A na mwingine T568B, ili jozi zipishane. Kiwango cha gigabiti kwa nyaya za shaba kilipotoka mwaka 1999, kadi zikaanza kuja na uwezo wa kutambua zenyewe na kupishanisha kwa ndani. Kompyuta zote mbili za mzee zina kadi za gigabiti, kwa hiyo kebo yoyote nzima ingetosha.

Saa 4:00. Anwani. Nikafungua dirisha jeusi la amri kila upande, nikaandika ipconfig, amri inayoonyesha anwani za kompyuta. Kompyuta mpya ilikuwa na 192.168.1.10, anwani aliyoiandika kijana. Ya zamani ilikuwa na anwani inayoanza na 169.254. Hiyo ni anwani ambayo kompyuta hujipa yenyewe pale inapoomba na kukosa wa kuipa, kwa sababu kazi ya kugawa anwani hufanywa na ruta, na hapa ruta haipo. Aliporudisha draiva, mipangilio aliyoandika upande ule ilifutika naye hakujua. Yaani mashine moja inaishi mtaa mmoja, nyingine mtaa mwingine, na kila moja inaita nje ya dirisha lisilo lake. Kama zote mbili zingeachwa zijipe anwani zenyewe, zingeangukia 169.254 zote na zingeweza kusalimiana.

Kulikuwa na jingine. Mzee alilalamika kwamba kila wakichomeka kebo, intaneti ya kompyuta mpya inakata. Kumbe Wi-Fi yao nayo inatumia anwani zinazoanza na 192.168.1, na kijana aliandika anwani ya ruta kama lango kwenye kadi ya waya pia. Kompyuta ikaona njia mbili za kutokea nje, ikachagua ya waya kwa kuwa ndiyo ya kasi, na njia hiyo inaishia kwenye kompyuta ya zamani.

Nikafuta vyote. Kompyuta ya zamani nikaipa 10.10.10.1, mpya 10.10.10.2, maski ya sabneti (namba inayoonyesha anwani zipi ni za mtaa mmoja) 255.255.255.0 pande zote. Lango nikaliacha wazi, yaani bila kuandika kitu, na DNS (mtafsiri wa majina ya tovuti kuwa anwani) pia wazi. Kebo ya watu wawili haina haja ya mlango wa kutokea. Intaneti ikarudi palepale, na mzee akashusha pumzi.

Saa 4:40. Nikajaribu pingi, ujumbe mfupi wa kuuliza mashine nyingine kama ipo. Kutoka mpya kwenda ya zamani: majibu manne, chini ya milisekunde moja. Kutoka ya zamani kwenda mpya: kimya, muda umekwisha, mara nne.

Hapa ndipo watu wengi huanza kung'oa kebo. Mimi nikaandika arp -a kwenye ile ya zamani, amri inayoorodhesha mashine zilizojitambulisha kwenye waya, na ndani ya orodha ikaonekana 10.10.10.2 pamoja na anwani ya kadi yenyewe. Nikamwita kijana aone. Ili mstari huo uwepo, kompyuta ya zamani iliuliza kwa sauti "nani mwenye 10.10.10.2?" na mpya ikajibu "mimi". Fayawoli haizuii salamu hiyo. Kwa hiyo waya unapitisha, anwani ni sahihi, ila mpya imejifungia ndani. Na ile ya zamani ilijibu haraka kwa sababu fayawoli yake ilizimwa.

Windows ikikutana na mtandao usio na lango huuita mtandao usiotambulika, na huuchukulia kama wa hadharani, ambako kompyuta haipaswi kumjibu yeyote. Ni tahadhari ya haki. Sikuizima. Nilitunga ruhusa mbili tu, ya kujibu pingi na ya kushea faili, na nikazifunga kwa anwani moja: 10.10.10.1. Kisha nikaenda upande wa zamani, nikawasha fayawoli iliyozimwa, nikaweka ruhusa kama zile kwa 10.10.10.2. Naliwekea mkazo jambo hili kila nyumba ninayoingia. Fayawoli ikizimwa "kwa muda wa kujaribu" hukaa hivyo miezi, na kompyuta ile ile bado iko kwenye Wi-Fi.

Pingi ikaenda, ikarudi, pande zote.

Saa 6:00 mchana. Simu ya mteja mwingine kuhusu printa. Nikamwongoza dakika kumi, ikachapa. Nikarudi mezani.

Saa 6:20. Kushea folda. Kompyuta mpya ikaomba jina na nenosiri, na kila tulichoandika ikakataa. Mzee akasema, "Lakini mimi sina nenosiri, nikiwasha inafunguka yenyewe." Hapo hapo ndipo penye tatizo. Akaunti isiyo na nenosiri Windows huikubali kwa aliyekaa mbele ya mashine, lakini anayekuja kupitia mtandao hurudishwa mlangoni. Badala ya kumbadilishia mzee mazoea yake, nilifungua akaunti nyingine kwenye kompyuta ya zamani, ya kazi hii pekee, na nenosiri akalichagua mjukuu. Nikaipa ruhusa ya kusoma tu. Ruhusa zenyewe ziko ngazi mbili, ya folda iliyosheawa na ya diski, na inayobana zaidi ndiyo inayotawala. Nilipozilinganisha, folda ikafunguka na majina ya picha yakajipanga kwenye skrini mpya. Mzee akasogeza kiti karibu.

Saa 8:00 mchana. Tukaanza kukopi. Kijana akashangilia. Mimi nilikuwa natazama namba: megabaiti 11 kwa sekunde. Nikasubiri ipande. Haikupanda. Makadirio yakasimama kwenye saa kumi na kidogo.

Mzee akasema si neno, ataiacha usiku kucha. Lakini 11 si namba ya bahati mbaya. Megabiti 100 ukizigawanya kwa 8, maana baiti moja ni biti nane, unapata megabaiti 12 na nusu, na ukitoa gharama za usafirishaji zinabaki 11 na ushee. Kadi hizi ni za gigabiti, zilipaswa kuwa mara kumi ya hapo. Nikafungua hali ya muunganisho, na kasi imeandikwa waziwazi: Mbps 100, yaani megabiti 100 kwa sekunde. Ilikuwa pale tangu asubuhi. Sikuitazama kwa sababu taa iliwaka.

Nikasimamisha kazi, nikarudi kwenye yale maneno mawili daftarini, nikayakata.

Saa 8:20. Kipima kebo kina vipande viwili, kila kimoja huchomekwa mwisho mmoja, na taa nane huwaka zikifuatana. Kwa krosova namba za upande wa pili hupishana: 1 huenda na 3, 2 na 6. Zilienda vizuri, nne, tano, sita, saba. Ya nane haikuwaka. Nikarudia, ikaruka tena.

Kasi ya megabiti 100 inatumia nyaya nne tu: 1, 2, 3 na 6. Gigabiti inataka zote nane. Kadi zilikuwa zinajaribu gigabiti, zinashindwa kwa sababu jozi ya kahawia, nyaya ya 7 na ya 8, ni mbovu, kisha zinashuka mpaka 100 na kutulia. Taa inawaka, na haidanganyi: inasema kuna mtu upande wa pili. Haisemi mnasikilizana kiasi gani.

Nikakishika kichwa cha kebo, nikakielekeza dirishani, nikamwambia kijana atazame mbele yake, pale kwenye plastiki ang'avu. Nyaya zikifika mwisho, ncha zake za shaba huonekana kama vitone vinavyong'aa, vimepangana. Akahesabu kwa kidole: saba. Mahali pa nane palikuwa peusi. Waya wa kahawia uliishia milimita mbili nyuma, chini ya meno ya dhahabu bila kuyagusa. Uso wake ukabadilika. Nikamwambia rangi zote alizipanga sawasawa, na hilo ndilo gumu. Kilichomponyoka ni kukata ncha zilingane kabla ya kusukuma.

Sikumtolea kebo yangu, ingawa ilikuwa begini. Nilimpa koleo. Akakata kichwa, akamenya ganda, akafungua misokoto kidogo tu. Kikomo ni milimita 13 kwa kebo ya Cat5e (daraja la kebo linalobeba gigabiti), ukizidisha nyaya zinaanza kuingiliana kelele. Akanyoosha: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Akazibana kwa vidole, akazikata kwa pigo moja. Akasukuma mpaka vitone vinane vikang'aa mbele, akavihesabu mara mbili, ndipo akabana. Koleo likalia *tak*.

Saa 9:00 alasiri. Kipima kebo: nane kati ya nane. Hali ya muunganisho: Gbps 1.0, yaani gigabiti moja kwa sekunde. Tukaanza upya. Namba ikaruka ikakaa megabaiti 105 kwa sekunde, ikipanda na kushuka kidogo. Faili za mzee ni kubwa, nyingi zinapita megabaiti 100 kila moja, kwa hiyo kasi haikuyumba. Zingekuwa maelfu ya vijifaili ingeshuka sana hata kwa kebo nzuri.

Mzee hakuondoka pale. Majina ya faili yalipita, naye akawa ananiambia ipi ni ipi kabla sijauliza.

Saa 10:15. Imekwisha. Nikahesabu pande zote mbili: faili 3,412 huku, 3,412 kule. Tukafungua kumi, za mwanzo, za kati na za mwisho. Nikawaandikia karatasi ya kubandika nyuma ya meza: anwani mbili, jina la akaunti, lango wazi, fayawoli imewashwa. Mzee nikamwomba asifute chochote kwenye ile ya zamani mpaka atakapokuwa na nakala ya pili mahali pengine.

Kijana alikuwa amekwishafunga kipande cha utepe mweupe kwenye kebo na kuandika tarehe ya leo. Mzee akafungua picha moja kwenye skrini mpya, akaikuza mpaka nyuso zikajaa, akamwita mjukuu wake aje aone baba yake alipokuwa na umri kama wake.