Siku moja na Canter yenye nyumba mgongoni

Saa 1 asubuhi. Gereji yetu Mwanakwerekwe, Unguja, ndiyo kwanza inafunguliwa, na mzee wa Jambiani keshafika. Juu ya Canter yake kuukuu kajenga nyumba ya mbao: kitanda, jiko la gesi, kabati, na nyuma kabisa tangi la maji la lita 300. Skuli zikifungwa huzunguka pwani na wajukuu zake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Usukani umenichosha. Upepo ukivuma naparangana nao njia nzima."

Fundi mwengine kamwambia anunue boksi zima la stelingi, lile linalopokea mzunguko wa usukani na kuupeleka magurudumuni. Ni pesa nyingi hizo, tena kwa gari ambalo hakuna aliyelala chini yake kulitazama.

Naanza na matairi. Moja la nyuma lina upepo mdogo. Ya mbele yana kashata (meno) nzuri, lakini tarakimu nne za ubavuni zinasoma 1113, yaani wiki ya 11 ya mwaka 2013, na mpira umeanza kupasuka. Namwambia asafiri nayo taratibu, ila ayabadilishe.

Saa 2. Naliendesha gari hadi Tunguu na kurudi. Usukani una pleyi kubwa katikati, yaani unacheza bure bila magurudumu kufuata, halafu nikishakata kona haurudi wenyewe. Hilo la pili ndilo linalonishughulisha. Pleyi huletwa na kitu kilicholegea. Usukani usiorudi, kuna kitu kimekaza.

Saa 3. Jeki siitaki bado. Kipimo hiki kinataka uzito wa gari ukae chini. Kijana wangu anawasha injini, anatikisa usukani kidogo kidogo kushoto na kulia, mimi niko chini nimeshika kila kiungo kwa zamu. Mkono wa boksi unafuata usukani bila kuchelewa, kwa hiyo boksi halina pleyi. Nikifika tairodi endi ya kushoto, kiungo cha ncha ya chuma kinachounganisha magurudumu ya mbele, inagonga kiganjani. Naangalia juu ya boksi: skrubu ya kurekebishia ina alama mpya za spana. Mtu aliikaza ili afiche pleyi ya tairodi. Kuficha namna hiyo kunaniudhi, maana wanaopanda gari hili ni watoto.

Saa 4. Sasa jeki. Nashika gurudumu juu na chini, nalitikisa, linacheza. Kijana anakanyaga breki, mchezo unakwisha: ni beringi, inataka kukazwa tu. Mchezo ungebaki na breki imekanyagwa, lawama ingekuwa ya kingpini, zile pini nene ambazo gurudumu la mbele hugeukia juu yake likikata kona. Lakini kingpini nazo zimekauka, nipo zake, vichuchu vya kupitishia grisi, zimeziba kwa kutu ya chumvi. Naweka nipo mpya na kupiga grisi magurudumu yakiwa hewani, mpaka ile nyeusi itoke yote na safi ionekane.

Adhuhuri, sala, wali na samaki wa kupaka.

Saa 8. Tairodi endi mpya imeletwa. Ya zamani nimeifungua nikihesabu mizunguko, na mpya naiingiza kwa hesabu ileile. Kisha napima kwa futi umbali kati ya matairi, mbele na nyuma ya ekseli, narekebisha mpaka mbele pawe pafinyu kidogo. Skrubu ya boksi nailegeza hadi usukani uzunguke laini toka mwanzo hadi mwisho.

Saa 10, baada ya Alasiri. Usukani unarudi wenyewe, ila kichwa cha gari bado chepesi. Ni lile tangi. Maji lita 300 ni kilo 300, nazo zimekaa nyuma ya ekseli ya nyuma, zinainyanyua mbele kama pembea. Tunafungua bomba, maji yanamwagika yote, natoka na gari tena. Njia imenyooka, mkono mmoja unatosha.

Mzee anaendesha mwenyewe, anarudi anacheka. "Kumbe ni maji, mwanangu?"

"Maji, tairodi na grisi, mzee. Boksi lako halina ubovu."

Tumekubaliana: leo anakwenda Jambiani tangi likiwa tupu, na seremala wake atalihamishia mbele ya ekseli ya nyuma, chini ya kitanda. Grisi ya kingpini atapiga kila anapobadilisha oili.