Kibonge na Bakuli Lake

Leo asubuhi mizani imesoma kilo 2.31. Nimempima mara tatu, maana Kibonge hapendi kutulia kapuni na kila akijigeuza tarakimu nazo zinaruka. Nikangoja mpaka aliposusa akajilaza, ndipo nikaandika kwenye daftari. Wiki ya 12 ya kumpunguza uzito. Tulianza na 2.64.

Gramu 330. Mimi nikinywa glasi kubwa ya maji nimeongezeka kiasi hicho na suruali haina habari. Kwa sungura wangu hiyo ni thumuni ya mwili wake mzima.

Jina tulimpa akiwa na ukubwa wa ngumi, manyoya yamemtuna pande zote kama kinyunya. Ulikuwa utani. Miaka minne baadaye utani ukakua, ukapata kidevu cha pili na cha tatu.

Sikugundua kwa kumtazama. Mnyama unayemwona kila siku hanenepi, yuko vilevile alivyokuwa jana. Kilichonishtua ni harufu. Nilimgeuza nikakuta manyoya ya nyuma yamegandamana, yameshika kitu cheusi, laini, kama kishada cha zabibu ndogo zilizopondwa. Nikajua ni kuhara. Nikamfunga kwenye taulo, mbio kwa daktari wa mifugo.

Daktari hakushughulika na kinyesi kwanza. Alipitisha vidole ubavuni mwa Kibonge, taratibu, kama mtu anayetafuta swichi gizani, kisha akaniambia nami nijaribu. Mbavu za sungura mwenye afya unatakiwa kuzihisi ukibonyeza kidogo. Mimi nilibonyeza, nikahisi mto.

Ndipo akanieleza jambo ambalo kwa miaka minne sikuwa nalijua, nami najiita mfugaji. Sungura hutoa aina mbili za kinyesi. Kuna zile gololi kavu tunazofagia kila siku, na kuna kile laini, chenye utando unaong'aa, ambacho hatukioni kwa sababu hukiinamia mwenyewe na kukimeza palepale kinapotoka. Ndani yake mna protini na vitamini za kundi B zilizotengenezwa na bakteria wa utumbo wake mpana, na bila kukirudisha tumboni anakosa sehemu ya lishe yake. Kibonge hakuwa anaharisha. Alikuwa amenenepa hata hafiki nyuma. Isitoshe, kwa chakula nilichokuwa nikimjazia, hata hamu ya kufika hakuwa nayo sana. Daktari akaongeza kwamba manyoya machafu namna ile huita nzi, nzi hutaga, na funza wanaotoka humla sungura akiwa hai. Sentensi hiyo moja ilinitosha.

"Huwa unampa nini?"

Nikataja, na niseme kweli, kwa fahari. Chakula cha tembe, bakuli kamili, asubuhi na jioni. Karoti moja kila siku. Kipande cha ndizi kabla ya kulala. Kaukau ya mkate siku mojamoja. Na nyasi kavu zipo, ila hazipendi.

"Nani atapenda nyasi naye ameshiba ndizi?"

Sikuwa na jibu. Karoti ndiyo iliyoniuma zaidi, kwa sababu kila picha ya sungura niliyoiona tangu utotoni ina karoti mdomoni. Kumbe karoti ni mzizi wenye sukari, kitu cha kuonjeshwa mara mojamoja kama peremende. Yale majani yake, niliyokuwa nikiyakata na kuyatupa, ndiyo yanayomfaa zaidi.

Zaidi ya asilimia 80 ya chakula chake inatakiwa iwe nyasi kavu, fungu la ukubwa wa mwili wake kila siku, na zisiishe mchana wala usiku. Meno ya sungura hayaachi kuota mpaka anakufa, na kinachoyasaga ni kule kutafuna nyasi ngumu kwa upande, kulia na kushoto, saa nyingi kwa siku. Utumbo nao husukumwa na nyuzinyuzi. Tembe ni nyongeza tu: gramu 25 hivi kwa kila kilo ya uzito, tena uzito anaotakiwa kuwa nao, si ule alio nao. Nilipofika nyumbani nikapima bakuli langu la mapenzi. Gramu 110 kwa siku. Kwa sungura anayepaswa kuwa na kilo mbili, nilikuwa nampa za kwake na za mwenzake asiyekuwepo.

Nilitaka kulitoa bakuli siku hiyohiyo. Bahati nzuri daktari alikuwa ameniona usoni kabla sijaondoka. "Usije ukamshindisha njaa," alisema. Sungura asipokula kwa nusu siku utumbo unaweza kusimama, gesi ikajaa, na yule mnene ndiye aliye hatarini zaidi, kwa sababu mafuta ya mwilini humiminikia kwenye ini. Hata kutapika hawezi. Kwa hiyo tulipunguza kidogokidogo, wiki baada ya wiki, mpaka tukafika gramu 50. Mboga za majani mpya nilizileta moja moja, kila moja nikiipa siku kadhaa na kuchungulia matokeo asubuhi. Nimekuwa msomaji wa mavi. Gololi zikiwa kubwa, za rangi ya nyasi, zinazosagika mkononi, siku yangu imeanza vizuri.

Lakini shida haikuwa hesabu. Shida ilikuwa saa 12 jioni, Kibonge anaponyanyuka kwa miguu ya nyuma, analishika bakuli kwa meno na kulibwaga sakafuni. Halafu ananitazama. Wiki ya pili niliketi sakafuni nikamtazama nami, mikono mitupu, nikajiona mwizi. Muda wote ule nilikuwa nadhani ananipenda anapokuja mbio akisikia tembe zikigonga bakuli. Huenda ananipenda. Ila sauti ile naijua mimi pia, na nilikuwa nikiigonga hata siku ambazo si yeye aliyekuwa na njaa, bali mimi niliyetaka mtu aje mbio.

Wiki ya tano mizani ilipanda gramu 40. Nikarudia hesabu, nikapima kikapu kitupu, nikakagua betri. Kisha nikaona vumbi la biskuti chini ya kiti cha Baba.

"Baba, umempa nini?"

"Kidogo tu, mwanangu. Alikuja mwenyewe."

"Kila siku?"

"Kila siku anakuja."

Kugombana naye singeweza, na nani angemgomba nani, maana mimi ndiye niliyeanza na ndizi. Nikampa kazi. Sasa Baba ndiye anayejaza nyasi kwenye maboksi na mabomba ya karatasi, anaficha zile gramu 50 za tembe ndani kabisa, na Kibonge hufanya kazi kuzitoa. Huvuta, huchimba, hurukia boksi, huku nyasi nazo zikiingia mdomoni njiani. Baba amekuwa fundi. Boksi la juzi lilikuwa na vyumba vitatu na mlango wa uongo. Kizimba tunakiacha wazi jioni nzima, na wiki hii kwa mara ya kwanza tangu akiwa mdogo nimemwona akiruka hewani na kujikunja kiuno bila sababu yoyote.

Jana usiku, kama saa 5, nilikuwa nazima taa nikamwona amekaa kwenye kona, amejikunja mviringo, kichwa kimezama chini ya tumbo. Nikadhani anaumwa. Kisha akainua kichwa, akatafuna kidogo, akameza. Nikamwita Baba kwa kunong'ona, naye akaja akivuta kandambili.

"Anafanya nini?"

"Anakula."

Tukasimama pale gizani tukimwangalia. Kibonge akainama tena.

"Na hicho," Baba akaniuliza, "nacho umempimia?"