Ile picha sijaifuta

Jana sikuandika kitu, hata simu niliiweka mbali. Juzi jioni Bosi aliumwa na nyuki. Huyu mbwa ana tabia moja mbaya, chochote kinachoruka mbele yake lazima akidake kwa mdomo, nzi huwa anawakosa, sasa juzi hakukosa ila alichodaka hakikuwa nzi.

Mwiba ulibaki kwenye mdomo wa juu, nikaukwangua na ukucha. (Kumbe hapo nilifanya la maana bila kujua, kifuko cha sumu kinabaki na mwiba na kinaendelea kusukuma sumu, nyigu ndo haachi mwiba, anakuchoma hata mara tatu.) Dakika kama kumi hivi uso ukaanza kujaa, macho yakabaki vistari tu. Na mimi nikafanya nini? Nikacheka. Nikapiga na picha nikamtumia dada, naye akacheka.

Hata hatujamaliza Bosi akatapika. Akatapika tena, halafu akaharisha palepale alipolala, mbwa ambaye hata mvua inyeshe vipi lazima atoke nje, akitaka kuinuka miguu inamkataa. Nikamwambia dada, yeye kafuga mbwa miaka mingi, akajibu "mdogo wangu, mfungue mdomo uangalie fizi". Nyeupe. Ile pinki yote imeenda. Nikambeba hivyohivyo na uchafu wake.

Dokta hakuuliza mengi, sindano ya adrenalini, dripu, nikaambiwa nikae pembeni. Baadaye ndo akanielewesha kwamba uso kuvimba peke yake mara nyingi siyo wa kutisha sana, ndani ya siku moja mbili unashuka, ila aleji ikishika mwili mzima presha inaporomoka, na kwa mbwa ini ndo linaelemewa mapema, kwa hiyo utaiona kwenye kutapika na kuharisha kabla hata hujaona kifua kikibana. Mimi nilikuwa nasubiri akose pumzi ndo nijue kuna shida! Nilitaka pia kumpa vidonge vyangu vya aleji, dokta akasema bora sikumpa, vingine vimechanganywa na dawa ya mafua na hiyo kwa mbwa ni hatari.

Alilala hukohuko usiku kucha, maana hali inaweza kurudi baada ya masaa hata kama mbwa anaonekana mzima.

Leo yupo nyumbani siku ya pili. Vipele vya tumboni vimepotea, jicho moja bado zito kidogo, analala, anaamka, anakula, analala. Tumepewa dawa ya kukaa nayo, akiumwa tena inaweza kuwa mbaya kuliko hii. Saa hizi kaingia nzi, Bosi akainua kichwa, masikio juu, nikapiga ukelele mpaka nikajishtua mwenyewe.

Dada kauliza kama ile picha nimeifuta. Nikamwambia bado.