Kumsimamia mtu unayemwamkia shikamoo: siku yangu moja Moshi

Saa 1:30 asubuhi. Nashuka karibu na Mnara wa Saa, naingia ofisini kwa miguu. Shirika letu ni dogo, linahudumia vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa. Mimi nasimamia maafisa wa fildi. Nilikuwa mmoja wao, nikapandishwa kwa kuwa vikundi vyangu vilikwenda vizuri. Mashirika mengi hupata wasimamizi hivyo: anayeijua kazi anakabidhiwa watu, na hakuna anayemwambia kwamba hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Saa 2. Kikao cha wiki. Pikipiki, mafuta, nani yuko wapi. Kifupi, ndivyo ninavyokipenda.

Saa 3. Nakaa na kijana wetu mpya, mlango umefungwa, simu zetu kimya. Bado yuko kwenye majaribio. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimkingi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki mtu ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri wake, na kuna mabosi wanaoitumia hiyo kama fimbo. Wanasahau kanuni zake za 2007: ukiona mtu wa majaribio hafanyi vizuri, mwambie, umsikilize, umpe nafasi ya kurekebisha.

Nikimuuliza kazi inaendaje, jibu ni moja: "Iko poa, dada." Kwa hiyo siulizi hivyo. Namwambia, "Nisimulie kikundi cha mwisho ulichotembelea, tangu uliposhuka kwenye bodaboda." Hapo ndipo inatoka: alikuta akina mama wachache tu, maana siku aliyopanga ni ya soko. Jibu ninalo mdomoni, nalimeza. Baada ya kimya kirefu anasema mwenyewe kwamba atamuuliza mwenyekiti siku ipi inawafaa.

Saa 5. Uru, nje ya mji, kwenye kikao cha kikundi. Hapa nimekuja kumwangalia afisa wetu mkongwe, mwenye umri wa baba yangu. Namwamkia shikamoo, namwita Baba, na saini yangu ndiyo inayoidhinisha likizo yake. Nachagua benchi la nyuma.

Kikao kinakwenda vizuri mno, na hapo ndipo shaka inaponiingia. Sanduku la fedha lina kufuli 3 na watunza funguo 3, kama inavyotakiwa. Lakini anayepiga mihuri ya hisa, yaani akiba ya kila mwanachama, kwenye vitabu ni Baba. Anayehesabu fedha ni Baba. Katika vikundi hivi afisa hagusi fedha wala kalamu. Akigusa, siku asipokuwepo kikundi hakisimami. Sisemi neno. Kumkosoa mzee mbele ya akina mama wanaomheshimu ni kumvua nguo, na hata hilo kosa hatalisikia tena.

Saa 7. Mgahawani, bakuli za mtori mbele yetu. Simzungushi, ila naanza na nilichokiona, si ninachomdhania. "Baba, leo vitabu vyote umeandika wewe. Mwandishi wao vipi?"

Anakoroga mtori. "Mwanangu, yule mama haoni vizuri. Anaona aibu kusema."

Ripoti za robo mwaka ninazozisoma kila mara hazina safu ya macho ya mwandishi. Nilikuwa tayari kumkumbusha kanuni, kumbe kanuni anaijua kuliko mimi. Alikuwa anamsitiri mtu. Tunakubaliana azungumze na yule mama faragha, wanachama wachague msaidizi wa kumwandikia, na kikao kijacho Baba akae nyuma, mikono mfukoni. Namuuliza atanihitaji lini. "Njoo mwezi ujao, uone."

Saa 9:30. Mhasibu ananisubiri. Rafiki yangu mmoja hapa kazini hajarejesha masurufu, fedha za safari zinazotolewa hesabu, ya safari iliyopita na anaomba mengine. Hapana. Amenuna, na kesho atakuwa bado amenuna.

Saa 10:30. Naandika kwenye daftari: tarehe, tulichokubaliana, nani anafanya nini. Mistari michache kwa kila mtu. Tathmini ya mwaka ikifika, sitaki mtu asikie jambo kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Saa 11. Nagonga kwa mkurugenzi. Namwambia nami nahitaji nusu saa yangu, ya kuzungumzia kazi ya kusimamia, si takwimu. Anatazama kalenda, anacheka kidogo, ananipa Alhamisi saa 3. Kisha ananikumbusha kwamba ripoti ya mfadhili inatakiwa Jumatano.